Chakula cha Mchana kwa Mama Zabibu

Ofisini walimwita Bwana Tochi, na hata mkewe, siku akiwa na utani, alimwita hivyohivyo. Alikuwa mkaguzi wa afya, mmoja wa wale watu wanaoingia jikoni mwa hoteli bila hodi ndefu, wakafunua masufuria, wakapitisha kidole juu ya kabati na kukitazama. Wenzake walikagua wakiwa wamesimama. Yeye alipiga magoti, akamulika chini ya karo, nyuma ya jokofu na kwenye mashimo ya panya, na alichokiona akakiandika kama kilivyo. Wenye hoteli walisema ni afadhali kufiwa kuliko kutembelewa naye, maana msibani angalau watu hukupa pole.

Kwa miaka ishirini na mitatu aliizunguka nchi yake kwa kazi hiyo. Wapo wanaokumbuka safari zao kwa milima na mito. Yeye alizikumbuka kwa tumbo, na alikuwa na sababu. Alikulia katika nyumba ya watoto tisa, ambako aliyechelewa kunawa mikono alilamba sufuria. Shuleni, kwenye bweni, alikula miaka minne maharage yenye wadudu, na wanafunzi wakawaita wadudu wale kitoweo cha bure. Mtu aliyepita huko hasahau sahani nzuri. Alikumbuka samaki wa kando ya ziwa, aliyekaangwa mzima hadi mapezi yakawa makavu kama biskuti, akamla kwa kusimama kwa sababu muuzaji hakuwa na viti. Alikumbuka maziwa ya moto yenye asali aliyopewa na mjane mmoja mfugaji asubuhi ya baridi. Alikumbuka mvinyo wa nyumba ya watawa, uliomiminwa kwenye glasi ndogo kama ya dawa, huku mtawa mkuu akimtazama kama anayempima imani.

Lakini alikuwa na sheria yake, na dereva wake aliijua kuliko sala: kazi kwanza, sahani baadaye. Hakula kwa mtu kabla hajamaliza kukagua na kutia saini. Mdomo uliojaa, alisema, hausemi kweli.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mguu wake mmoja ulidhoofika tangu utotoni, na safari ndefu zilimuumiza, kwa hiyo nchi yake aliijua kwa kusimuliwa. Mume akirudi, alisimamisha cherehani, akageuza kiti na kusema, "Haya, tulikula nini safari hii?" Daima alisema tulikula. Naye mume alisimulia hadi chumvi, hadi rangi ya bakuli, na mkewe alifumba macho akatikisa kichwa, kisha akarudi kwenye kitambaa chake ameshiba.

Safari ya vilimani iliwakuta katika mwezi wa mvua kubwa. Dereva, mzee aliyeitwa Kobe kwa ule mwendo wake, alijitahidi, lakini barabara ilikuwa imegeuka uji. Gari lilizama mara tatu. Waliling'oa, wakalala ndani yake wakiwa wamelowa, na kwa muda wa siku nzima walichokula ni pakiti moja ya biskuti zilizolainika. Siku ya pili, kama saa sita mchana, waliifikia nyumba ya wageni iliyokuwa kwenye ratiba yao. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba sita, na nyuma yake safu kumi na nne za mizabibu iliyokuwa ikidondosha maji.

Mwenye nyumba alitoka kibarazani na taulo mbili mkononi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye kicheko cha karibu. Wenyeji walimwita Mama Zabibu.

"Karibuni, jamani. Mmetoka vitani?"

"Tumetoka ofisi ya afya, mama," alisema Bwana Tochi. "Tumekuja kukagua."

"Afya gani hiyo na wenyewe mnatetemeka? Ingieni. Nyama iko mezani sasa hivi."

"Sisi huwa tunakagua kwanza, mama, halafu…"

"Kagua, baba, nani amekukataza? Lakini nyama inapoa, na jiko halina miguu ya kukimbilia."

Bwana Tochi alimtazama Kobe. Kobe alikuwa anaitazama meza. Wakakaa.

Ilikuwa nyama ya kondoo, iliyopikwa tangu alfajiri kwa moto mdogo ndani ya mvinyo mwekundu, pamoja na vitunguu vidogo vizima ambavyo vilimenywa na mama yake Mama Zabibu, kikongwe aliyekaa karibu na jiko na kisu chake kidogo. Nyama ilikuwa imeachana na mfupa bila ugomvi. Mchuzi ulikuwa mzito na mweusi, wenye utamu uliokuja polepole na uchachu kidogo nyuma yake. Mkate ulikuwa bado wa moto, wa kuchovya. Kisha Mama Zabibu akaleta jagi la mvinyo wa nyumbani kwake. Kobe, ambaye hakuwa mtu wa kileo, aliomba chai. Bwana Tochi alikunywa glasi moja, akaongezewa ya pili. Alisikia joto likimshuka hadi kwenye vidole vya miguu vilivyokufa ganzi. Akala sahani ya pili, kisha ya tatu. Kikongwe alicheka bila meno, akasema, "Huyu analiwa na njaa ya zamani, si ya leo." Bwana Tochi alisikia macho yake yakilowa, akasingizia pilipili.

Shibe mwana malevya, walisema wahenga. Alipoinuka kukagua alikuwa mtu mwingine. Si kwamba alidanganya. Jiko lilikuwa safi kweli, sufuria zinang'aa, maji yanachemshwa, choo kina mfuniko. Alipiga magoti mara moja tu, kwa taabu, akainuka anacheka. Mwisho walikwenda kwenye chumba cha mvinyo, nyuma. Mama Zabibu aliitwa jikoni, akabaki kaka yake, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, aliyekuwa akishughulikia mapipa. Kobe alisimama mlangoni akisubiri.

Mapipa ya mbao yalikuwa manane. Nyuma yake, chini ya magunia, kulikuwa na pipa la tisa, la plastiki, la buluu. Mwanga wa tochi ulilipata. Lebo yake ilikuwa imebanduliwa, imebaki kona yenye alama ya moto. Na palikuwa na harufu kali, kama ya karakana ya kupaka magari rangi.

"Hili nalo?" aliuliza.

"Dawa ya kuoshea mapipa, mzee," alisema kaka mtu.

Alijua la kufanya. Alitakiwa kulifungua, achote kidogo kwenye chupa, aandike. Chupa zilikuwa garini, mvua imeanza tena kupiga bati, na tumbo lake lilikuwa zito na lenye amani ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka. Dawa ya kuoshea mapipa, alijiambia. Na pipa si lazima lioshwe kwa kitu? Akazima tochi. Kwenye fomu alijaza mapipa manane ya mbao, na sehemu ya mwisho aliandika: Safi. Mfano wa kuigwa. Akatia saini.

Mama Zabibu alimfungia chupa moja kwenye gazeti, ya kumpelekea mama wa nyumbani. Jioni aliyorudi, mkewe alionja mvinyo kwa mara ya kwanza maishani. Akakunja uso, kisha akakunjua, kisha akasogeza kikombe kiongezwe.

"Na nyama ilikuwaje?" aliuliza.

Akamsimulia. Ilimchukua karibu saa nzima.

Wiki kumi na moja baadaye, Bwana Tochi alikuwa anakunywa chai ofisini redio ilipotangaza habari za harusi moja kule vilimani. Watu tisa walikuwa wamekufa. Kumi na wawili walikuwa hospitali, na wengi wao hawaoni tena. Walikunywa mvinyo ulioongezwa spiriti ya kiwandani, ile ya kuyeyushia rangi. Mvinyo ulitoka katika nyumba ya wageni yenye mizabibu. Mwenye nyumba mwenyewe, ambaye kwa desturi yake alionja kila jagi kabla halijatoka, alikuwa miongoni mwa waliopofuka.

Kikombe hakikumdondoka. Alikiweka mezani taratibu, akaenda chooni, akakaa humo mpaka mtu alipogonga.

Mkubwa wake wa kazi alimwita siku hiyohiyo, akiwa na faili mkononi na uso umetulia. "Uko salama," alimwambia. "Fomu yako inaonyesha mapipa manane ya mbao, basi. Hilo la buluu walilolikuta polisi limeletwa baada yako. Asante kwa kazi nzuri."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kaka yake Mama Zabibu alikuwa amehama kule siku chache tu baada ya ukaguzi, na hakuonekana tena. Mavuno yalikuwa yameharibiwa na mvua, mvinyo umetoka mwepesi kama maji, naye alikuwa ameutia nguvu kwa njia yake kabla ya kuondoka. Mama Zabibu alisema hakujua lolote, kwamba pipa lile lililetwa na kaka yake, kitambo. Lakini karatasi ya mkaguzi ilisema pipa halikuwapo. Kama halikuwapo kaka akiwapo, basi limeletwa kaka akiwa ameshaondoka. Na ndani ya nyumba ile walikuwa wamebaki watu wawili: yeye na kikongwe asiyeweza kubeba hata ndoo.

Tume ya uchunguzi iliketi kwenye ukumbi wa mji mdogo chini ya vilima. Kobe ndiye aliyemwendesha. Walipofika, Kobe alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Bosi, mimi nilikuwa mlangoni."

"Najua."

"Nililiona."

"Najua, mzee."

"Mimi ni dereva. Hakuna atakayeniuliza." Akafuta kioo kisichokuwa na vumbi. "Nimebakiza miezi minne nistaafu. Wewe una mitano, sita?"

"Miaka mitano."

"Basi," alisema Kobe, akachomoa ufunguo wa gari.

Ukumbini watu walijaa hadi madirishani. Safu ya mbele walikaa waliofiwa, na bibi harusi alikuwamo, amevaa nguo nyeusi, hana mume. Mama Zabibu aliletwa akiongozwa mkono na askari wa kike. Alikuwa amekonda, nguo imemzidi, macho yake yako wazi yakitazama mahali pasipo na mtu. Bwana Tochi aliitwa, akaapa, akataja jina lake na kazi yake.

Mama Zabibu aliinua uso. "Ni yule mgeni wangu," alimwambia askari, na karibu atabasamu. "Alikula sahani tatu. Mwulizeni huyo. Alikuwa na tochi, alimulika kila mahali. Huyo atawaambia."

Mwenyekiti alimtaka anyamaze. Kisha akamgeukia shahidi. "Siku ya ukaguzi, uliona pipa lolote la plastiki katika chumba cha mvinyo?"

Bwana Tochi alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ya kweli na ya uongo, yote pamoja, kama mtu anayebeba miavuli miwili. Aliona mkewe kwenye kiti cha cherehani. Aliona mlango wa ofisi yake. Hakuwaona wafu, na hilo lilimshangaza baadaye.

"Hapana," alisema. "Sikuona."

Mama Zabibu hakulia wala hakupinga. Aligeuza tu uso kuelekea sauti ilikotoka, akabaki hivyo, akimsikiliza hata baada ya kuwa amemaliza kusema. Siku ileile alipelekwa mahabusu kungoja kesi.

Kitu cha kwanza kumwacha kilikuwa ladha. Mkewe alipika alivyopika siku zote, na yeye alitafuna kama anayetafuna karatasi. Mkewe alimwacha bila kumwuliza wiki ya kwanza, na ya pili. Siku moja alasiri alisimamisha cherehani, akageuza kiti.

"Ule mvinyo nilioonja," alisema, "ulitoka kwa yule mama?"

"Ndiyo. Ule ulikuwa mzima."

"Sikuulizi kama ulikuwa mzima. Mimi niko hapa, naona." Alichomoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake. "Kuna nini?"

Akamwambia. Alimwambia mambo yote, mpaka harufu ya rangi, mpaka mvua kwenye bati. Alipomaliza alisubiri mkewe aseme: tutafanyaje. Katika miaka yao yote hakuwahi kusikia neno jingine.

"Sasa utafanyaje?" alisema mkewe.

Hata hivyo zilipita wiki nyingine tatu. Ni rahisi kumhukumu mtu kwa wiki tatu. Kila asubuhi alivaa akaenda ofisini na nia ya kusema, na kila jioni alirudi na sababu. Mkubwa hayupo. Mkubwa yupo lakini ana wageni. Kesi bado haijaanza, labda ataachiwa tu. Siku ya arobaini tangu aape uongo, Kobe alimpitia nyumbani kumwambia habari aliyoisikia kwa madereva wa vilimani: yule kikongwe amefariki, peke yake, jirani amemkuta karibu na jiko lililozimika. Wamemzika. Binti yake hakuruhusiwa kutoka mahabusu.

Bwana Tochi alivaa viatu. Hakwenda ofisini kwake. Alikwenda kituo cha polisi, akaomba karatasi, akaandika kurasa nne kwa mwandiko ule wake mzuri wa fomu. Kobe, ambaye hakuombwa, aliandika yake ukurasa mmoja.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kobe alisimamishwa kazi wiki sita kabla ya kustaafu. Bwana Tochi alifukuzwa, akashitakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, akafungwa miezi minane. Baba wa bibi harusi alimtemea mate mahakamani, naye hakujifuta mpaka alipofika kwenye gari la wafungwa. Mama Zabibu aliachiwa baada ya miezi saba ya mahabusu. Kaka yake hajapatikana hadi leo. Wakati mwenye nyumba hayupo, watu wenye hasira walikuwa wamepanda na mapanga na kuing'oa mizabibu, safu zote kumi na nne, na kuichoma palepale.

Alipotoka gerezani, Bwana Tochi alikaa nyumbani siku tatu. Siku ya nne alipanda basi kwenda vilimani. Mkewe hakumkataza. Alimpigia pasi shati.

Alimkuta Mama Zabibu amekaa kibarazani, mikono mapajani. Nyumba ilikuwa na harufu ya vumbi. Kule nyuma palikuwa na ardhi tupu, yenye mashimo.

"Nani?" aliuliza.

Alisema "Hodi" tu, na mama yule akamtambua. Alinyoosha kidole kwenye benchi. Akakaa.

"Nimekuja, mama, kuomba…"

"Najua ulichokuja kuomba." Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba. "Waliniambia uliandika. Nikauliza, aliandika lini? Wakanitajia tarehe. Nikahesabu. Siku arobaini. Mama yangu alikufa siku ya thelathini na saba."

"Ndiyo, mama."

"Ungeandika ya thelathini na sita."

Upepo ulipita, mlango wa ndani ukagonga.

"Wale tisa siwezi kukubebesha peke yako," aliendelea. "Wale ni wangu pia. Mapipa yangu, ndugu yangu, na mimi nilionja nikaona ni sawa. Huwa nawahesabu kwa majina. Lakini mama yangu ni wako. Huyo ni wako peke yako."

Walikaa. Jua lilisogea kutoka ukingo mmoja wa kibaraza hadi mwingine. Mara moja Mama Zabibu alitaka kuinuka, kwa mazoea, mkono tayari uko ukutani kuelekea jikoni, kisha akakaa tena.

"Nyumba hii haijawahi kumtoa mtu na njaa," alisema. "Hata askari waliokuja kunichukua walikula kwanza. Leo sina la kukupa. Chakula kipo. Sina la kukupa."

"Nimeelewa, mama."

"Nenda, basi la mwisho lisikuache."

Aliteremka kwa miguu hadi barabarani. Ilikuwa kilomita tatu, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani. Kwenye kituo, mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi, anapepea makaa kwa kipande cha boksi. Bwana Tochi alinunua moja. Alilishika kwa muda, likimchoma vidole, akidhani atalitafuna kama alivyotafuna kila kitu kwa miezi yote ile. Akauma. Lilikuwa hindi changa, lililoiva vizuri, lenye chumvi na moshi kidogo, na lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu sana. Akaona aibu, akawapa mgongo watu waliokuwa wakisubiri, akalila lote mpaka gunzi, amesimama kando ya barabara, mpaka basi lilipofika na kondakta akamwita mara mbili.